Mama Futi Katika Jumba la Samaki

Ukimpelekea Mama Futi kitambaa, atakipima kabla hajakuuliza habari za nyumbani. Atakitandaza mezani, atavuta futi, ule utepe wa kupimia unaoning'inia shingoni mwake tangu asubuhi hadi saa ya kulala, kisha atakutajia urefu kwa sauti, ili hata anayesubiri zamu nje asikie. Wateja wapya hununa. Wa zamani hucheka, kwa sababu wanaijua habari ya yule bwana aliyeleta kitambaa pungufu, suruali ikatoka fupi, naye akazunguka mtaa mzima akitangaza kwamba fundi amemwibia kipande cha kushonea foronya. Tangu hapo Mama Futi hapokei kitu bila shahidi.

Chumba chake cha kazi kinaangalia barabara. Cherehani iko karibu kabisa na mlango, na watu hudhani ni kwa ajili ya upepo. Ni kwa ajili ya jua. Taa ya dukani, anasema yeye, ni mwongo anayelipwa mshahara. Hanunui kitambaa mpaka akitoe nje, akigeuze mbele na nyuma, akivute, akinuse. Maneno ya watu nayo huyapokea vivyo hivyo. Ukimwambia utarudi kesho, anakuangalia kwanza viatu, kama vina dalili ya kurudi.

Mumewe ni fundi rangi, mpole, mtu wa kuziba nyufa na kupaka juu yake. Ugomvi ukinukia anatafuta kitu cha kushika mkononi. Ukimuuliza jambo zito atakujibu, "Tutaona," na mara nyingi jambo lenyewe huchoka kusubiri likaenda zake. Wamezaa mabinti wawili: wa kwanza wanamwita Mkubwa, yuko katika umri wa kujibu kila kitu, wa mwisho ni Kitinda, ana miaka sita na pengo la meno mbele.

Basi jioni moja, katikati ya chakula, mume akaweka kijiko chini.

"Jumapili tutoke," alisema. "Tukaone samaki."

"Samaki gani?"

"Wa lile jumba la ufukweni. Wale walio hai."

Mama Futi naye akaweka kijiko chini. "Wewe Jumapili unalala."

"Jumapili hii silali."

"Nani kakutuma?"

Mkubwa akacheka. "Mama, mtu hawezi kutaka kuona samaki tu?"

"Baba yako samaki nimemwona akiwaangalia kwenye sahani. Tena hawaangalii sana."

Mume akashika kikombe, akakizungusha. "Dada yangu anakuja. Ana hamu na watoto. Tiketi ananunua yeye."

Hapo machale yakamcheza Mama Futi. Si kwamba alimchukia wifi yake. Huyo dada alikuwa mtu mzuri, anafanya kazi katika duka la miwani kwenye mji wa mbali, anaishi peke yake katika vyumba viwili safi, hana mume wala mtoto. Ni hilo tu: vyumba viwili, na mtu mmoja.

Kwa maana Mama Futi alijua jinsi mtoto anavyochukuliwa. Hachukuliwi kwa nguvu. Anachukuliwa kwa siku nzuri. Yeye mwenyewe alipokuwa na umri wa Kitinda, shangazi yake alikuja na gauni jipya na viatu vya kubana, wakampeleka kwenye bustani yenye bembea, akanywa soda mpaka puani. Jioni ilipofika, baba na mama wakashika njia yao, naye akapandishwa basi jingine na shangazi. Aliambiwa anakwenda likizo. Shangazi hakuwa mbaya hata kidogo. Alimlisha, alimsomesha, alimkalisha kwenye cherehani na kumpa kazi inayomlisha hadi leo. Watu humwambia ana bahati, naye hukubali. Ila kuna siku alirudi kwao kusalimia, akiwa ameshakuwa msichana, na kwa mazoea ya ulimi akamwita mama yake mzazi "shangazi". Mama yake akaitika.

Hilo hajawahi kumsimulia mtu.

Siku zilizobaki kabla ya Jumapili alishona. Ana desturi yake: familia ikitoka kwenda penye watu wengi, wote watavaa kitambaa kimoja, tena chenye kelele, ili akigeuza shingo tu awaone. Safari hii alitafuta rangi nyekundu. Alimsumbua muuza vitambaa, akatoa majora matatu nje kwenye jua, akachagua lile lililomuumiza macho. Likatoka gauni la Kitinda lenye marinda, gauni la Mkubwa, shati la mume, na kilemba chake mwenyewe.

"Mimi hilo sivai," alisema mume. "Nitasimamishwa njiani nikazime moto."

Mkubwa alivaa lake, lakini juu yake akavaa sweta jeusi na kulifunga vifungo vyote. Kwa hiyo siku yenyewe waliovaa wekundu wakaonekana walikuwa wawili tu, mama na Kitinda.

Wifi aliwangojea langoni, miwani usoni, tiketi tayari mkononi. Alimkumbatia Mama Futi, akambeba Kitinda, akamzungusha hewani. Kisha akatoa zawadi kutoka mfuko wa plastiki: begi dogo la mgongoni, la buluu, lina zipu tatu na mahali pa kuandika jina.

"Sema asante," alisema Mama Futi.

"Asante shangazi."

"Begi zuri," alisema Mama Futi. "Linaingia nguo ngapi?"

Wifi alicheka. "Aa, ni la kuchezea tu, wifi yangu."

Mama Futi alishika zipu, akaivuta mpaka mwisho, akairudisha. Zipu ya kweli. Mdoli ni wa kuchezea. Begi ni la safari.

Jumba lenyewe lilikuwa refu na jeupe, limejengwa juu ya mawe, mawimbi yanapiga upande wa nyuma. Ukiingia unapokelewa na harufu ya chumvi na sakafu iliyopigwa deki punde. Vyumba vya kwanza vilikuwa na mwanga wa kawaida na vioo vidogo vidogo ukutani, kila kimoja na kibao cha maelezo. Wifi alimshika Kitinda mkono, akamsimamisha mbali kidogo na kila kibao.

"Hebu nisomee kile pale."

"Ka-a. Kaa."

"Na kile?"

"Sa-ma-ki fa-ra-si. Samaki farasi!"

"Safi sana. Na kule mwisho unaona?"

Mama Futi alikuwa nyuma yao, karibu kiasi cha kukanyaga kisigino cha mtu. Anampima, aliwaza. Kama mimi ninavyopima kitambaa kabla sijakinunua.

"Shuleni wanasoma wangapi darasani?" wifi aliuliza bila kugeuka.

"Wengi."

"Na usiku analala mwenyewe?"

"Analala na dada yake. Hajazoea kulala peke yake. Akiamka asipoona mtu wake, analia mpaka anatapika."

"Mama!" Mkubwa alishangaa. "Lini huyu katapika?"

"Wewe soma samaki."

Walifika kwenye kioo cha pweza. Ndani yake kulikuwa na mawe, mchanga, na maji. Mama Futi alisogeza uso hadi pua ikagusa kioo.

"Hamna kitu humu. Tumelipishwa maji."

"Yupo," alisema Mkubwa. "Amejigeuza rangi ya jiwe."

"Kwa nini ajifiche kama hana alilofanya?"

Mwanamke mmoja aliyesimama kando akaangua kicheko. Ndipo jiwe moja likafumbua jicho. Mama Futi na pweza wakatazamana kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alijisikia amekutana na mtu wa kuelewana naye.

Lakini kioo kile kilikuwa na kazi nyingine. Nyuma ya kivuli cha uso wake mwenyewe aliwaona, wadogo na wamepinda, mumewe na wifi yake. Walikuwa wameinamiana vichwa. Wifi alikuwa anasema jambo kwa haraka. Mume alitikisa kichwa. Wifi akamshika mkono, akasema tena. Midomo ya mume ikatamka neno moja, na Mama Futi hakuhitaji kulisikia. Alilijua umbo lake. Tutaona.

Aligeuka. Wale wawili walikuwa wameshaachana, wifi anatafuta kitu kwenye mkoba, mume anachunguza dari kama anayetaka kutoa makadirio ya kuipaka.

"Mnaongea nini?"

"Hamna, mama watoto. Dari yao imeanza kubambuka pale."

"Mimi sijaona."

"Mpaka uwe fundi."

Mama Futi aliipa dari mgongo. Alimwita Kitinda, akamkaza mkono, na wote wakateremka ngazi kuelekea kwenye njia ya vioo.

Hiyo ndiyo sehemu iliyowaleta watu. Ni njia ndefu iliyopita chini ya maji, kioo kushoto, kioo kulia, kioo juu ya kichwa, na mwanga wake wote ni buluu, kama usiku uliotiwa rangi. Papa walipita juu ya vichwa vya watu bila haraka. Watoto walipiga kelele, na kelele zao zilirudi kutoka kila upande, hujui ni ya nani. Kitinda alianza kuvuta mkono.

"Mama, kasa! Mama, niachie, kasa yule!"

"Hapa hapa. Usisogee."

"Mama, angalia meno," Mkubwa aliita upande wa pili. "Angalia, yako safu mbili!"

Mama Futi aliinua uso kumwangalia papa. Tumbo jeupe lilipita taratibu, na mdomo wenye meno kama ya msumeno. Alitazama kwa muda wa kuvuta pumzi na kuishusha. Aliposhusha macho, mkono wake ulikuwa mtupu.

Hakupiga kelele. Alifanya alichozoea: aligeuza shingo kutafuta nyekundu. Aliangalia mbele, nyuma, kando ya kioo, katikati ya miguu ya watu. Aliona buluu, aliona kijivu, aliona weusi mtupu. Nyekundu haikuwepo.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Si alikuwa na wewe?" alisema Mkubwa.

"Baba yako yuko wapi?"

"Yuko nyuma kule."

"Na shangazi yako?"

Mkubwa aliangaza huku na huku. Shangazi hakuwepo.

Mama Futi akageuka. Alipita katikati ya watu akiwasukuma kwa viwiko, akapita watoto waliokaa sakafuni kwa safu wakimtazama kasa, wote wamevaa giza, migongo yao kwake. Akafika mwisho wa njia, akarudi, akawapita tena. Alimwendea mlinzi aliyesimama mlangoni.

"Umeona mtoto wa gauni jekundu? Lina marinda. Jekundu sana, huwezi kulikosa."

Mlinzi alifikiri kwa uaminifu. "Hapana, mama. Tangu asubuhi humu ndani sijaona nyekundu yoyote."

"Na mwanamke wa miwani?"

"Wa miwani ametoka sasa hivi."

Hakungoja kusikia zaidi. Alipanda ngazi mbili mbili, kilemba kikilegea, akatokea nje kwenye jua lililompiga usoni. Wifi yake alikuwa karibu na lango, upande wa magari. Amesimama peke yake. Begi la buluu lilikuwa begani mwake.

"Mtoto wangu yuko wapi?"

Wifi aligeuka. Alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa pindo la blauzi. "Nini?"

"Usiniulize nini! Mmempitishia wapi? Nani amemchukua, yuko kwenye gari gani? Begi unalo, mtoto yuko wapi?"

Watu wa foleni ya tiketi waligeuka wote kwa pamoja. Muuza kofia akaacha kunadi.

"Wifi, sijui unasema nini. Begi nimembebea, lilikuwa linamteleza."

"Unajua sana! Tangu asubuhi unampima. Anasoma? Anaona? Analala? Hata mbuzi mnadani haulizwi maswali yote hayo. Sema ulipompeleka, la sivyo niite watu."

"Mama."

Sauti ilitoka nyuma yake. Mume alikuwa anapanda ngazi, Kitinda mikononi mwake, Mkubwa nyuma yao akihema. Gauni la Kitinda lilikuwa jekundu, jekundu la kuumiza macho, marinda yote mahali pake.

"Ulinipita," alisema Kitinda, na mdomo wake ulianza kucheza. "Nilikuwa naangalia kasa na wenzangu. Nikakuita. Ukanipita mara mbili."

Mama Futi alimtazama mtoto, akatazama gauni.

"Ni ile taa, Mama," alisema Mkubwa taratibu. "Kule chini nyekundu inakuwa nyeusi. Hata kilemba chako kilikuwa cheusi. Nilitaka kukwambia ukawa umeshakimbia."

Mtu mwingine yeyote angesamehewa. Lakini mwanamke huyu aliyetoa majora matatu nje kwenye jua, aliyewafundisha wanafunzi wake wa ushonaji kwamba rangi hubadilika na taa, alikuwa amekichagua kitambaa kwa ajili ya jua, kisha akakipeleka gizani. Uso ukamwaka. Muuza kofia akarudia kunadi, kwa sauti ya chini kidogo, kwa heshima.

Angeweza kuomba radhi, yakaisha. Wifi ndiye hakuyaacha yaishe. Alirudisha miwani usoni.

"Wifi, mimi sikuja kuchukua. Nilikuja kuomba."

Mama Futi alikaza kilemba kilicholegea.

"Kuomba nini?"

"Kitinda. Akakae na mimi, asome kule. Nilimwambia kaka tangu miezi kadhaa iliyopita. Nikamwambia, acha nije nimwombe mama yake nyumbani, mezani. Akasema hapana, kwanza tukutoe, ufurahi, halafu atakwambia yeye mwenyewe. Kila nikimuuliza leo ananiambia tutaona. Nimetoka nje kwa sababu nilikuwa nalia."

Mama Futi alimgeukia mumewe polepole. Mume alitafuta kitu cha kushika, akakuta ameshika mtoto.

"Kwa hiyo samaki ndio dawa ya usingizi?"

"Nilitaka tu uwe na moyo mkunjufu, mama watoto. Na nilidhani... wewe mwenyewe umelelewa na shangazi. Kila siku unamsifu."

"Namsifu, ndiyo. Anastahili sifa." Akamrudia wifi. "Na Kitinda ungemwambia nini siku ya kuondoka?"

Wifi alisita. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli huo ndio uliomponza. "Kwa kuanzia, asije akaogopa... ningemwambia ni likizo."

Mama Futi alikaa. Palikuwa na benchi la saruji kando ya ukuta, akalikalia kama mtu aliyesukumwa. Alipoongea hakuongea kwa hasira tena.

"Mimi niliambiwa hivyo hivyo. Na mimi nilifurahi, nikapunga mkono. Nikawa kila nikisikia basi linasimama nakusanya nguo zangu, najua likizo imekwisha. Shangazi alikuwa anazitoa kwenye mfuko na kuzikunja upya, bila kunigombeza. Wifi, mimi ile likizo yangu haijaisha mpaka leo."

Mume alifungua mdomo. Mkubwa alimkanyaga mguu, akaufunga.

"Sikujua," alisema wifi.

"Hujui, sijamwambia mtu. Sasa nakwambia. Mtoto sikupi. Si kwa mwaka, si kwa muhula. Usinisubiri nilainike."

"Nimesikia, wifi yangu."

"Na nimekutukana mbele za watu, kwa kosa ambalo hukulifanya. Hilo ni juu yangu. Niwie radhi."

Wifi aliitikia kwa kichwa. Alivua begi begani, akaliweka benchini, akasimama mikono mitupu, kama mtu aliyekuja kwenye msiba bila kujua akae wapi. Kitinda alikuwa ameshuka chini. Hakuelewa lolote katika yale, isipokuwa kwamba kasa alikuwa bado yumo ndani na wao walikuwa nje. Alimwendea shangazi yake, akashika kidole chake kimoja.

"Shangazi, turudi. Alikuwa anakula majani."

Wifi hakusogea. Alimtazama Mama Futi.

Mlango wa jumba ulikuwa mzito, mweusi, unajifunga wenyewe. Mama Futi aliutazama. Akatazama lango, upande wa magari. Akatazama kile kidole kilichoshikwa, na jinsi mwenye kidole alivyokuwa amekikaza, akiogopa hata kukikunja.

"Nenda naye," alisema.

"Utakuja?"

"Nendeni. Mkubwa, wewe baki hapa."

Waliingia. Mlango ukajifunga nyuma yao. Mume alikaa kwenye benchi, mbali kidogo, kisha akasogea, kisha akasogea tena.

"Mke wangu, ninajua nimekosea. Ningesema mapema..."

"Usiniongeleshe," alisema Mama Futi. "Yako yapo, tutayafikia. Sasa hivi naangalia mlango."

Mlango ulifunguka. Wakatoka vijana watatu wakicheka, na mzee mmoja na mkewe. Ukajifunga. Mikono ya Mama Futi ilikuwa imeshika ukingo wa benchi, na magoti yake yalikuwa tayari. Lakini hakuinuka.